Kamera ya Masasi na Ndoo ya Dada

Jumatatu, 3 Juni

Nimefungua studio, nimefuta vumbi la salfa, nimekaa. Wateja hakuna. Watu wako mashambani wanapulizia mikorosho, na wakitaka picha wana simu. Mpaka adhuhuri pasipoti moja tu, ya mzee aliyefumba macho kila nikibonyeza.

Jana nilikuwa Masasi kwa mwalimu mmoja mstaafu. Marehemu baba yake alikuwa mpiga picha. Kamera yake ya mbao walikuwa wanaiwekea redio juu. Kubwa kama banda la kuku. Mbele lenzi, nyuma kioo chenye ukungu, katikati mfuko wa mikunjo kama kinanda cha kuvuta. Mpaka ujifunike kitambaa cheusi ndipo unaona kitu. Nimeichukua na miguu yake mitatu na pakiti za karatasi za picha ambazo marehemu hakuwahi kuzifungua. Aliyelipa ni mbuzi wa Mama Zuhura. Mke wangu bado hajaelezwa vizuri.

Kondakta alitaka kuirusha juu na magunia. Nikamwambia hiki ni chombo, kinakaa kwenye kiti. Mimi nimefika Maputo. Yaani nimefika Pemba ya Msumbiji, lakini aliyefika Pemba harufu ya Maputo ameshaipata.

Yote haya ni kwa ajili ya dada. Mama Hamisi, tumbo moja na mimi, ndiye aliyenilea mama alipokufa. Hospitali wamemrudisha nyumbani na hawakumwambia arudi lini. Tumeelewa. Ameniomba kitu kimoja: picha. Nikatoa simu. Akaisukuma. Picha za simu anazijua, mwanawe Hamisi alimpiga nyingi, simu ikaibiwa Dar na yeye akaibiwa nayo.

"Nataka ya ukutani. Wanaobaki wanitazame, wasinitafute."

Nikamwambia amepata. Mdogo wake fundi.

Ijumaa, 7 Juni

Dawa za kuoshea picha zimefika kutoka Kariakoo. Kule niliwahi kufanya kazi studio. Hapa Newala nimewaambia nilikuwa fundi mkuu. Nilikuwa nabeba taa na kufagia chumba cha giza. Lakini mfagiaji naye ana macho.

Nimeziba stoo kwa mablanketi, nimefunga kitambaa chekundu kwenye taa. Nikapiga picha mlango wa msikiti. Nikaosha. Karatasi nyeusi tii, kama kisogo changu. Ya pili nyeusi. Ya tatu nyeusi.

Nikaingiza tochi ndani ya mfuko, nikazima taa. Nyota. Mfuko mzima matundu, panya wa Masasi wamekula wakashiba. Yule mwalimu alinishika mkono kwa mikono miwili akinikabidhi. Alijua. Watu wapole ndio wezi wenyewe.

Karatasi zimebaki chache. Madukani hapa ukiziuliza wanakuletea za kufungia vitumbua.

Jumatano, 12 Juni

Nimeziba matundu kwa viraka vya tairi la baiskeli. Harufu ya solusheni imenipa kichwa.

Leo nimemjaribia Mama Zuhura. Karatasi hizi ni nzito kushika mwanga, mtu lazima atulie kama kisiki muda wa kusoma Alhamdu moja polepole. Mke wangu akatulia mpaka katikati, akakumbuka mbuzi, akaanza. Picha imetoka ina kanga nzuri, mikono minne, kichwa hakuna.

Halafu akataka na yeye kuchungulia. Nikakaa kwenye kiti, akajifunika kitambaa. Kwenye kioo kile kila kitu kinatokea juu chini. Nikasikia sauti kutoka mle ndani:

"Baba Zuhura, kumbe ndivyo ulivyo. Miaka yote nilikuwa nakuona vibaya."

Majirani wamecheka mpaka wakakaa chini. Nimecheka pia. Nilipofika stoo nilikasirika peke yangu. Dada anakonda kila nikienda, na mimi nachekesha watu.

Jumapili, 23 Juni

Nimempiga.

Asubuhi ukungu ulijaa mpaka uani. Tumengoja. Ulipopasuka tukamtoa dada nje, mimi na Mama Zuhura, akiwa mwepesi kama mfuko wa makapi ya mpunga. Nikamwamkia, shikamoo dada. Marahaba. Akauliza hilo banda linataga.

Shida ikawa kutulia. Maumivu yanamtikisa. Anakaa sawa kidogo, bega linaruka. Nikajaribu karatasi moja, nikajua imeharibika kabla ya kuiosha. Iliyobaki ya kumpiga ni moja. Na mbili za kumtoa, moja akiba, maana ya kwanza inatoka kinyume, nyeupe kwa nyeusi, mpaka uilaze juu ya nyingine chini ya kioo uimulike ndipo mtu anakuwa mtu.

Nikamwambia tupumzike, tutajaribu kesho. Nilikuwa namdanganya. Akasema:

"Niwekee ndoo."

Nikadhani homa. Akasema tena. Enzi hizo hapa juu bomba hakuna, wanawake wa Newala walishuka bondeni alfajiri wakapanda na maji kichwani, ngazi kwa ngazi za udongo. Dada alipanda tangu hajavunja ungo mpaka nywele zikawa nyeupe. Alisema shingo yake haijawahi kumwaga, haitaanza leo.

Mama Zuhura akaleta kindoo kidogo, kitupu, kumhurumia. Dada akakikataa. Cha nini kitupu, anasema, picha isidanganye. Tukatia maji. Tukamwekea juu ya kata ya kanga.

Wallahi, alitulia. Mgongo ukanyooka. Mabega yakashuka. Uso ukawa ule wa zamani, wa mtu aliye njiani na ana kazi. Nikaingia kwenye kitambaa. Kwenye kioo dada kichwa chini, ndoo chini yake, na hakuna tone lililomwagika. Nimesoma Alhamdu kwa sauti, sikuiharakisha. Nililia humo ndani. Kitambaa cheusi kina faida zake.

Nilipoichukua ndoo akanishika mkono. "Maji hayo usiyamwage. Oshea hiyo picha yako."

Nimefanya hivyo. Dawa ya kwanza, dawa ya kugandisha, halafu nikaziosha zote mbili, ya kinyume na ya kweli, kwenye maji ya ndoo yake. Hayohayo. Zimetoka. Mikunjo ya uso yote. Chale za mashavuni zote. Hata mshikio wa ndoo unang'aa. Hakuna wa kunifundisha kazi, kuanzia Masasi mpaka Tandahimba.

Jumanne, 2 Julai

Picha iko ukutani kwa dada, kwenye fremu ya mninga. Amelala akiitazama. Amesema huyo mwanamke ana kiburi. Nikamuuliza ameipata wapi tabia hiyo. Akasema kwa mdogo wake.

Wageni wanaokuja kumwona wanaitazama picha kwanza, halafu yeye, halafu chini.

Jumatatu, 15 Julai

Dada amefariki alfajiri. Ukungu. Tumemzika baada ya adhuhuri.



Alhamisi, 18 Julai

Hamisi amekuja toka Dar. Hakuwahi maziko, basi liliharibikia njiani. Mimi ndiye mjomba, kwetu mjomba ndiye mwenye watoto wa dada, kwa hiyo mimi ndiye wa kumpokea na mimi ndiye wa kulaumiwa. Nimepokea vyote.

Alipoingia chumbani akaiona picha. Akapiga magoti. Kijana mwenye mkufu na viatu vyeupe, akapiga magoti sakafuni. Akasema mjomba, tuachie hii. Nikamwambia ni yenu mpaka wajukuu wa wajukuu. Nilisema kwa sauti, wote wasikie. Majigambo yangu hata msibani hayanyamazi.

Jumamosi, 24 Agosti

Arobaini ya dada. Watu wamekuja mpaka wa kutoka Makote. Wali umetosha. Mimi nilikaa karibu na mlango nimwone kila anayeingia kuiona picha.

Wa kwanza akatoka ameinamisha uso. Wa pili akaniangalia, akageukia pembeni. Nikaingia mwenyewe.

Dada amekuwa njano. Si njano, rangi ya chai iliyomwagikia nguo. Madoa yametambaa kutoka pembeni, moja limekaa shavuni, jingine limefunika jicho. Ndoo inaonekana vizuri. Ndoo tu.

Hamisi alikuwa nyuma yangu. Hakupandisha sauti.

"Mjomba, ulisema mpaka wajukuu."

Nikatoka. Mzaha wote niliobeba kutoka Pemba, sikupata hata mmoja.

Jumapili, 25 Agosti

Nimekaa stoo mchana kutwa. Nimemtukana mwalimu wa Masasi, marehemu baba yake, karatasi zake, muuza dawa wa Kariakoo. Nilipowamaliza wote nikabaki mimi.

Nimekumbuka bomba. Kwenye chumba cha giza cha Kariakoo bomba lilikuwa wazi asubuhi mpaka jioni, picha zinaelea, maji yanakwenda chooni. Nilikuwa nalifunga nikifagia. Bosi alinizaba kibao kwa hilo, mara nyingi. Nikasema moyoni, watu wa pwani hawana adabu ya maji. Dada angewaona angewalaani. Sisi nyumbani maji ya kunawia yalikwenda kwenye miche, ya kuoshea mchele yakanyweshwa kuku.

Kumbe si uzembe. Dawa inataka itolewe yote, kwa maji mengi yanayopita. Ikibaki inakula picha polepole. Mimi nikaziosha kwa kindoo kimoja, kwa heshima, na nikajiona mwana mwema.

Siwezi kumwambia Hamisi. Atasikia kwamba mama yake alijifuta kwa maji yake mwenyewe. Heri anione fundi mbovu.

Jumanne, 27 Agosti

Ile ya kinyume ilikuwa kwenye bati la biskuti, gizani. Nimeifungua leo. Pembeni imeanza kugeuka. Uso bado.

Bomba letu leo lilikuwa kavu. Nikachukua bati na ndoo, nikashuka bondeni. Njia imeota majani, siku hizi hashuki mtu. Magoti yananiuma, sijapita pale tangu utoto, na utotoni nilishuka bure, aliyebeba ni yeye.

Chemchemi ipo. Nimeilaza karatasi kwenye maji yanayopita, nimeizuia kwa kokoto mbili. Uso mweusi umekuwa mweupe, nywele nyeupe zimekuwa nyeusi, ndoo inang'aa kinyume. Maji yakapita juu yake mpaka jua likahama. Sijui kama nimewahi. Pakiti imebaki na karatasi moja, ile ya akiba, ya kumtoa tena.

Nimeifunga kwenye kitambaa cheusi. Halafu nikajaza ndoo, nikajitwika, nikapanda.

Nilipofika juu ndoo ilikuwa nusu.