Ngoma Imetundikwa Ukutani

Jumapili, 19 Mei

Baba katangaza leo, mdomo umejaa chapati: Alhamisi, mwezi ukiwa mpevu, tunakuwa Wabudha. Mtaa wetu mzima, sisi wapiga ngoma wa kijiji. Mama akauliza kama Buddha ana neno na nyama ya mbuzi.

Sababu naijua. Mwezi uliopita, sikukuu ya mungu wa kike wa watu wa tabaka la juu, Baba alipiga ngoma tangu asubuhi juani. Nje, maana tukiingia ndani mungu atachafuka. Adhuhuri akazimia, akaangukia ngazi ya hekalu. Waliosha ngazi kwanza! Ndipo mmoja akakumbuka kuuliza kama Baba yu hai.

Tangu siku ile alikuwa kimya. Leo kayatoa yote. Arusi zao kawapigia, maiti zao kawapigia, mungu wao kampigia – basi! Wenzetu wa mtaa wa pili walimfuata Babasaheb, yule mtetezi wa watu wa tabaka letu, kwenye Ubudha tangu enzi za babu. Wajukuu zao walimu, makarani. Sisi? Ngoma.

Jumanne, 21 Mei

Mtawa kaja na pikipiki. Kipara kinang'aa, joho kalikunja lisinaswe na gurudumu. Mama kambana kama muuza nyanya. Viapo ishirini na viwili! Havipungui hata kidogo?

"Mama, hapa si sokoni," mtawa akasema.

"Ningepewa sokoni ningepunguziwa."

Kilipofikiwa kiapo cha kuacha pombe, baba mdogo Dagdu akakumbuka kazi ya haraka nyuma ya nyumba. Hakurudi.

Nikamchokoza mtawa. Mwenye kijiji, Patil Vishwasrao, akizidi kutuona takataka, dini mpya itasaidia nini? Nikasubiri hotuba.

"Yeye sina uhakika naye, Ujjwala," akasema. "Nimekuja kwa ajili yenu."

Jibu zuri. Limeniudhi.

Alhamisi, 23 Mei

Tumeshakuwa!

Kwanza ilibidi kuiaga miungu ya Mama, ile ya kwenye rafu. Watu huitosa mtoni. Mto umekauka – Mei hii, ungekuwaje? Tukaiweka juu ya matope, ikabaki inatukodolea macho. Tulipofika njiani Mama akarudi mbio. Nikajua anaichukua. Kumbe kaenda kuigeuza uso, isituone tukiondoka.

Nguo nyeupe sote. Mama kaazima sari, inamburuta. Kaapa hatasema uongo, na hata hatujaondoka uwanjani kamwambia shangazi, mkavu kama fito, kuwa amenenepa vizuri. Dagdu kaapa pia, macho mekundu, sauti ya juu kuliko wote. Tutaona.

Baba kaapa taratibu, kila neno peke yake. Alipofika pale pa kuamini kuwa watu wote ni sawa, akakwama. Mtawa akangoja. Sote tukangoja. Kisha akasema. Mimi mwenye mdomo mkubwa nilikuwa nalia kama mjinga.

Jioni Baba kaitundika ngoma ukutani.

Ijumaa, 24 Mei

Siku nzima ya kwanza ya Ubudha. Joto lile lile. Dagdu kalewa.

Jumamosi, 25 Mei

Mama yake Patil amefariki alfajiri. Anusayabai. Kikongwe hasa. Kuwahi siku tatu tu, kabla hatujaapa, akashindwa? Kabla hatujanywa chai, mtumishi wao Hanmant yuko mlangoni.

"Limbya! Chukua ngoma, twende!"

Jina la Baba ni Limbaji. Limbya ni kama kumwita mbwa.

Baba akasema hapigi tena. Hanmant akacheka, akaona Baba hacheki. Akaanza: mashamba ya nani mnavuna? Kisima cha nani? Tutakunywa mkojo, akasema. Mama akamjibu aanze yeye, atuonyeshe ladha yake. Akaondoka anatukana.

Baba kaitazama ngoma ukutani. Kasema yule bibi alikuwa akimtupia mkate kupitia juu ya ukuta alipokuwa mdogo. Kwa mbali, asimguse. Lakini wa moto, na siagi.

Mchana

Amekuja mwenyewe! Patil Vishwasrao, kwenye mtaa wetu, kwa miguu. Nywele timtim, hakunyoa. Hajui asimame wapi – kila mahali ni petu.

"Limbaji," akasema. Limbaji! "Mama yangu hawezi kwenda kimya kimya. Watu watasema nini?"

"Sitapiga, Patil. Nimeapa."

Akasema atalipa mara mbili. Baba akatikisa kichwa. Nikaona sasa ndiyo matusi yanakuja.

Baba akasema, "Lakini nitakuja. Alinilisha. Nitatembea na jeneza pamoja na ninyi, kama jirani."

 Kupiga ngoma mbele, peke yetu, hilo Patil analijua. Lakini kutembea katikati yao, bega kwa bega? Hakusema njoo. Hakusema usije. Akageuka, akaenda.

Baba kavaa shati jeupe la Alhamisi. Dagdu katoka kitandani, kanawa uso, hata yeye anakuja. Baragumu lao limelia, wanatoka na maiti. Majirani wamechungulia milangoni, hakuna aliyeamua bado kama anakuja nasi.

Mama ananipigia kelele niache kuandika. Kwenye njia ya Patil siku zote tunavua ndala na kuzishika mkononi, maana watu wetu hawaruhusiwi kupita hapo na viatu.

"Vaa ndala zako, Ujjwala," anasema. "Zikae vizuri. Leo hatuvui."