Isale la Kutoka Mbezi

Kilema, Moshi
Jumatatu

Mdogo wangu Filemon,

Habari za Dar es Salaam, na za kufundisha? Natumaini Gladness na watoto ni wazima. Huku nasi ni wazima, isipokuwa mmoja, nitamfikia.

Kitabu chako cha jiografia nimekisoma chote, pamoja na vya wale uliowanakili. Unasema nafasi ni tupu mpaka watu waipe maana, ndipo iwe mahali, na kwamba mtu anaweza kuhama na mahali pake. Msomi mzima! Ndiyo maana ukauza nusu yako ya kihamba, shamba la ukoo lilipo kaburi la babu, kwa mtu wa hoteli bila kumwambia Mama. Yule bwana naye akaiona tupu. Aling'oa mimea yote ya masale ya mpakani, akajenga ukuta.

Hata hivyo Mama, akiwa kitandani, alikutumia salamu umletee isale, kama ilivyo desturi yetu, akusamehe. Hukuja. Ulilituma kwa basi, limepandwa kwenye chungu chenye kibandiko cha bustani ya maua ya Mbezi. Filemon! Isale la kuombea msamaha hukatwa kwenye mpaka wa kihamba chenu. Lako lilikuwa pambo la sebuleni.

Mke wangu Veronika alinisihi nimpe Mama tu, akisema mgonjwa anasubiri jani, haulizi cheti chake cha kuzaliwa. Nilimwambia anyamaze, yeye kaolewa humu. Akanijibu kwamba hata yule aliyeuza kaburi ana huruma kunizidi.

Nililitupa kwenye samadi. Si uliandika kwamba maana hutolewa na watu? Basi nami nililipa maana yake.

Kila asubuhi Mama aliuliza kama isale limefika. Kila asubuhi nilimjibu kwamba hujaleta kitu. Alhamisi alisema basi, uje hivyo hivyo mikono mitupu, ameshakusamehe, anachotaka ni kukushika uso tu. Akaniagiza nikupigie simu saa ile ile.

Sikupiga. Alikufa jioni akiutazama mlango. Tumemzika Jumamosi, katika nusu ambayo hukuiuza.

Wasalimie Gladness na watoto. Waambie bibi yao aliwataja mmoja mmoja kwa jina. Mimi sijambo kabisa, na usingizi ninaupata.

Ni mimi kaka yako,
Aminieli