Kahawa Iliyokutwa Mfukoni Mwako

Mwanza, Jumapili, tarehe 10 Agosti 1952

Ndugu yangu wa kuchanjiana,

Leo ni miaka mitatu na miezi minne tangu tutoke Chonyonyo, na miezi tisa tangu uondoke bandarini hapa peke yako. Sijakuandikia hata mara moja. Sikuwa mgonjwa, wala sikukosa karatasi. Barua hii siifungi. Atakayeibeba aisome, utingo wa lori aisome, na wewe ukimaliza mpe yeyote anayejua herufi. Mimi nilikomea darasa la pili pale misheni, kwa hiyo maneno yangu ni machache.

Kazi ni ile ile. Meli ikifika kutoka Bukoba, winchi inatoa magunia tumboni mwake na kuyashusha gatini. Wawili wananyanyua, wa tatu anaingiza kichwa chini yake, anapanda ubao mpaka ndani ya behewa. Behewa likijaa linavutwa, linaletwa jingine tupu. Meli ikitaka kurudi tunageuza: chumvi na saruji kutoka behewani kwenda melini. Chumvi bado inaunguza shingo.

Nakumbuka siku yetu ya kwanza ulivyosimama mbele ya gunia lenye alama ya Karagwe, ukacheka.

"Hili nalifahamu," ulisema. "Ni la mama mkwe wangu. Zito kama maneno yake."

Wakati ule ulikuwa umeshapeleka pombe na mbuzi kwa baba yake Paskazia kumposa binti yake, na yeye alikuwa amekubali. Ukaendelea, "Sisi tulifika Bukoba kwa miguu, lenyewe limekuja kwa lori, limekaa. Na bado linataka kubebwa!"

Nakumbuka pia mnyapara alivyotukuta tunatafuna kahawa yetu ya nyumbani. "Nyie Wanyambo wa Karagwe, tangu asubuhi mnatafuna tu kama mbuzi."

"Mbuzi habebi gunia, mnyapara," ulimjibu. "Ningekuwa mbuzi ningelala kivulini, wewe ndiye ungenichunga."

Watu walicheka, na yeye akacheka. Wewe ulikuwa na uwezo huo. Mimi sina.

Siku tuliyochanjiana sijaisahau. Ilikuwa migombani kwa baba yako mdogo. Alipasua tunda moja la kahawa, akatoa punje zake mbili. Tukajichanja karibu na kitovu, kila mmoja akapaka damu yake kwenye punje, mwenzake akaimeza. Baba yako mdogo akasema, "Kuanzia leo hamshtakiani. Mmoja akiulizwa, asimtaje mwenzake." Katekista alitugombeza wiki nzima kwa upagani ule. Tulikubali makosa, lakini punje zilikwisha kushuka.

Sasa naandika lile nililoshindwa kulisema.

Asubuhi ya siku uliyopekuliwa, mama yangu alikuwa ameniletea kahawa ya kutafuna kwa mkono wa msafiri, kifurushi cha majani makavu ya mgomba. Kaptula yangu ilikuwa imechanika mifuko yote. Nikakupa unishikie, ukaweka mfukoni mwako. Mchana gunia likapasuka juu ya ubao, kahawa ikamwagika. Karani mgeni, yule aliyetoka pwani, akasema kuna mtu anatoboa magunia. Akaamuru wote tupekuliwe. Wakaanza na wewe kwa sababu ulikuwa karibu.

"Hii nini?"

"Kahawa, bwana."

"Ya nani?"

"Ya kutafuna."

"Nimekuuliza ya nani. Na kahawa hunywewa, haitafunwi. Unanifanya mtoto?"

Hukujibu tena. Hukunitazama hata kidogo, na ninajua kwa nini. Ungenitazama, ungekuwa umenitaja.

Mimi nilikuwa mlangoni mwa behewa, gunia begani. Ilitosha kusema maneno matatu: hiyo ni yangu. Ilitosha kumwonyesha kwamba kahawa ya magunia imekobolewa, na ile ya mama ilikuwa bado na maganda yake, imechemshwa na majani ya kienyeji mpaka imekuwa nyeusi. Mnyambo yeyote angeitambua kwa kunusa tu. Karani hakujua, na mimi nilijua. Nikaingia ndani ya behewa, nikalipanga lile gunia. Nililipanga vizuri kuliko magunia yote niliyowahi kubeba. Nilipotoka, jina lako lilikuwa limekatwa kwenye daftari la kazi.

Wewe kiapo kilikukataza kunitaja. Mimi hakikunikataza kujitaja. Niliogopa kazi tu. Sina sababu nyingine, nimeitafuta miezi tisa.

Ulipopanda meli uliniambia, "Kaa salama," basi. Nilidhani umesamehe. Kisha mwezi uliopita akapita hapa mtu wa Chonyonyo anayekwenda Tabora, akanieleza habari. Kwamba neno la wizi lilifika kabla yako. Kwamba baba yake Paskazia alikuita uani kwake mchana, akakurudishia mbuzi wako watu wakiona, akasema binti yake haolewi na mwizi wa kahawa. Kwamba amepata mposaji mwingine, na arusi itakuwa kahawa ikiisha kuanuliwa. Nikamuuliza, "Na ndugu yangu anasemaje?" Akasema, "Hasemi kitu. Wanasema kunyamaza kwake ndiko kukiri."

Alhamisi nilikwenda kwa karani nikiwa na kahawa nyingine ya mama. Nikamweleza yote. Alichukua tunda moja, akalinusa, akalitafuna, akalitema.

"Kwa hiyo ilikuwa yako."

"Ndiyo, bwana."

"Na ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Mbona hukusema?"

Nikaifunga tena kahawa iliyobaki. Akasema jina lako haliwezi kurudishwa sasa, na mimi nimalize wiki hii inayoanza, kisha niende zangu. Haikuniuma kama nilivyodhani. Mgongo umechoka, na tangu uondoke nanyanyua na watu nisiowajua.

Nikikutana nawe sitakuomba unisamehe haraka. Sijui hata kama ningependa unisamehe kabla sijafanya linalonipasa kwanza.

Barua hii inatangulia na meli ya kesho. Mimi napanda ya Jumamosi, Jumapili niko Bukoba, Jumatatu natafuta lori la kunifikisha Kayanga. Jumanne ya tarehe 19 nitaingia Chonyonyo kwa miguu, mchana, watu wakiwa uani wanaanika kahawa. Sitapita kwa mama, wala kwako. Nitakwenda moja kwa moja kwa baba yake Paskazia, nitasimama pale pale alipomrudisha mbuzi wako, na nitasema kahawa ile ilikuwa ya nani.

Ni mimi, ndugu yako wa kuchanjiana