Gauni la Malkia na Koti la Baba

Neema mjukuu wangu,

Marahaba. Mama yako akusomee. Huku Bagara tu wazima, ila mbuzi wa jirani wamemaliza mahindi yangu.

Eti bila gauni la malkia, kama la watoto wa kile kipindi chako cha televisheni, utachezaje? Unanichosha!

Utotoni mwangu nguo ziliadimika madukani. Nikavaa koti la baba, nikajifanya mwenye duka, wenzangu wakapanga foleni. Kina mama wapita njia wakajiunga nyuma, bila hata kuuliza kinachouzwa! Mama yangu alipofika mbele, nilijua nitachapwa. Akanyoosha mikono: "Nipimie kitenge." Nikampimia hewa. Akajifunga kiunoni, akaondoka kwa maringo.

Gauni silinunui. Omba koti la baba yako.

Kile kitenge kilikuwa chekundu, mpaka leo nakiona.

Bibi yako