Kibao cha Upepo

Kitongoji cha Hinokizawa,
Mkoa wa Nagano.

Tarehe 9 Novemba

Mpendwa Nagisa mwanangu,

Kosa wanalofanya wengi wakikutana na maneno ya Kiingereza "due to", yaani "kutokana na", ni kudhani kwamba, kwa kuwa maneno hayo hutangulia sababu, basi kinachofuata ni sababu. Nitakueleza, maana ndicho ulichoniuliza. Lakini shangazi yako hajasahau adabu. Salamu kwanza.

Hujambo wewe? Mumeo hajambo? Itsuki mdogo ameacha kukohoa? Mpe maji ya moto yenye tangawizi kabla ya kulala, hata akikunja uso. Mimi huku ni mzima. Baridi imeshuka mapema, na magoti yananilalamikia kila nikipanda ngazi za hekaluni, lakini nakula, nalala, na gazeti nalisoma bila miwani mradi nilishike mbali. Jirani yangu Bi. Kinu anakusalimu sana. Anauliza kama bado unawakimbia bata wake.

Barua yako imefika salama pamoja na chai. Asante, mwanangu, ni chai nzuri, naigawa kidogokidogo. Nimefurahi kusikia kwamba Alhamisi ijayo unaleta darasa lako huku, mpande mlima Torikabe kwa magari ya waya yanayoning'inia juu ya bonde, na kwamba watoto watakusanya sentensi za Kiingereza kutoka kwenye vibao vya kituo. Unauliza uwaelezeje matumizi ya "due to" katika sentensi. Umemuuliza mtu anayestahili. Ubao mkubwa wa kituo kile niliuandika kwa mkono wangu.

Waeleze hivi. Kiingereza kina njia nyingi za kusema kwa nini jambo limetokea. Ipo njia inayotaka sentensi nzima, yenye mtu na tendo lake: wali umeungua kwa sababu nilikwenda uani kupiga soga na Kinu. Humo nimo mimi, imo miguu yangu, umo na ulimi wangu. Njia ya "due to" ni nyingine. Yenyewe huridhika na jina la kitu: moto, theluji, ajali, ugonjwa. Wali umeungua kutokana na moto mkali. Umeona? Sufuria ni ileile, wali ni uleule, lakini mimi nimetoka jikoni na hakuna aliyeniona nikitoka.

Usiwaambie kwamba ni maneno mabaya. Mwaka ule wa maji mengi, daraja la chini lilifungwa kutokana na mafuriko, na sote tulisimama ukingoni tukayaona mafuriko yakipita na mlango wa ghala la mtu. Maneno haya ni ya kweli pale kitu kilichotajwa kinapokuwepo. Wafundishe watoto wakishasoma sentensi ya namna hii wainue macho, wakitafute hicho kitu.

Sisi watu wa huku hatuinui macho, na hilo hutalikuta katika kitabu chochote cha sarufi. Tumelelewa kupokea sababu kama tunavyopokea kikombe cha chai: kwa mikono miwili, bila kuchungulia ndani. Mtu akishakutajia sababu na kuinama, kumuuliza tena ni kumwita mwongo mbele za watu. Basi tunainama na sisi, tunarudi nyumbani. Nimeishi hivyo miaka yangu yote na sikuona ubaya. Sasa nauona, na ndiyo maana barua hii imekuwa ndefu.

Majira ya kuchipua yaliyopita, Hirukawa alinijia na ubao mtupu kwapani. Huyu ndiye msimamizi wa kituo cha chini cha magari ya waya, nami nilimfundisha utotoni, akisinzia kando ya dirisha.

"Mwalimu," akaniambia, "wageni wamekuwa wengi. Niandikie sentensi moja ya Kiingereza itakayofaa siku zote."

"Hakuna sentensi ya hivyo, Hirukawa. Ingekuwepo ungefaulu mtihani."

"Basi niandikie yenye tundu katikati. Nitakuwa nalijaza mwenyewe."

Nikamwandikia. Juu niliweka yale maneno ya sababu, chini maneno ya kuomba radhi kwamba magari hayatembei leo, na katikati tukaacha ndoano. Nikamtengenezea na vibao vidogo vya kutundika hapo: kimoja cha upepo mkali, kimoja cha theluji, kimoja cha radi, na kimoja cha ukaguzi wa mitambo. Kila kimoja nilikifunga kwa karatasi ya rangi kisipate mikwaruzo njiani.

Sasa nikuhamishie kwenye kaki zangu, matunda yangu haya ya rangi ya chungwa, na usidhani nimepotea. Unajua tunavyozifanya: tunazimenya, tunazitunga kwenye kamba, tunazining'iniza chini ya ukingo wa paa, na kazi iliyobaki ni ya upepo unaoshuka kutoka Torikabe. Mwaka huu upepo haukushuka. Tangu majani yaanze kupukutika, hewa imesimama kama maji ya kisimani. Kaki zimeota kuvu. Kila asubuhi nazifuta kwa kitambaa nilichokichovya kwenye pombe kali, na kila asubuhi nazikuta zimeota tena. Za Kinu zimeoza na kamba zake. Ukipita kitongojini hutasikia salamu nyingine ila hiyo: "Zako zimepona?" "Wapi!"

Na katika majira hayohayo, magari ya waya yamekuwa yakisimamishwa mara kwa mara kutokana na upepo mkali.

Sikuyaweka mambo haya mawili pamoja hadi Jumanne. Asubuhi hiyo Kinu nami tulimpelekea Hirukawa majani ya figili ya kuchachusha, kama tufanyavyo kila mwaka. Tulikuta kibao cha upepo kimetundikwa. Bendera ya kituo ilikuwa imelala kwenye mlingoti wake. Moshi wa jiko la chumba cha kungojea ulikuwa unapanda wima kama uzi.

Kinu akalamba kidole, akakiinua juu. "Upepo gani huo, wewe Hirukawa? Wa tumboni mwako?"

"Wa juu, Bibi," akajibu huku akicheka. "Huku chini hamuusikii."

"Na tangu lini upepo wa Torikabe ukaishi juu bila kushuka? Kaki zangu zina ndevu kuliko marehemu mume wangu!"

"Basi zinyoe, Bibi."

Hata mimi nilicheka. Wageni wawili waliokuwa mlangoni wakaupiga picha ubao wangu, wakatikisa vichwa kwa huruma, wakaenda zao wameridhika. Walikuwa wamepewa sababu. Nami nikainua macho, kwa mazoea ya ualimu tu, nikatazama nyuma ya dirisha la tiketi. Vile vibao vingine vilikuwa kwenye msumari. Kile cha upepo hapo nje kimechakaa pembe hadi rangi imebanduka. Kile cha ukaguzi bado kimo ndani ya karatasi niliyokifungia mimi, na fundo ni langu.

"Orihara yuko wapi siku hizi?" nikauliza. Orihara ndiye fundi aliyekuwa akiupitia waya wote kila mwaka wakati kama huu, nguzo baada ya nguzo. Nguzo ya tatu iko juu ya shamba la Kinu, kwa hiyo akiifikia hiyo alikuwa akila chakula cha mchana kwa bibi huyu.

"Alistaafu, Mwalimu."

"Na aliyeshika nafasi yake?"

"Kampuni inatafuta."

Kinu akaacha kucheka. "Kumbe," akasema polepole. "Nami nashangaa kikombe chake hakijashuka kabatini mwaka huu. Halafu kile kishindo, Hirukawa. Gari likipita nguzo ya tatu, sahani zangu zinagongana. Zamani lilikuwa linapita kama paka."

Hirukawa aliinama. Wewe umekulia katika mainamo haya, Nagisa, unajua kina cha kila moja. Kwa hali ya hewa tunainamisha kichwa. Yeye alikunja kiuno hadi nikaona nywele zake za kisogoni, na akakaa hivyo. Hakuna mtu anayeombea radhi upepo namna ile.

Nilimngoja ainuke. Kisha nikamwambia, kwa sauti ya darasani, "Alhamisi ijayo mpwa wangu analeta wanafunzi wake wapande. Je, mjukuu wako, Hirukawa, ungempandisha siku hiyo?"

Akatabasamu, lakini macho yake yalikuwa kwenye ile figili. "Mjukuu wangu anaogopa mahali pa juu, Mwalimu."

Tulirudi hadi kwenye kona ya hekalu. Hapo Kinu akasimama. Mjukuu huyo wa Hirukawa, msichana mwenye meno ya mbele yaliyong'oka, tulikuwa tumemfukuza wote wawili siku mbili nyuma kutoka kwenye mkaki wa Kinu. Alikuwa kwenye tawi la juu kabisa, miguu inaning'inia, anatupigia mluzi.

Mwanangu, nitakuwa mwangalifu kama nilivyokuwa nikiwataka wanafunzi wangu wawe. Sisemi kwamba waya una kasoro, kwa sababu sijaugusa na wala sijui mitambo. Sisemi Hirukawa ni mtu mbaya. Nadhani anasimamisha magari siku anazosikia kitu asichokipenda, na kwamba hana ruhusa ya kutundika kibao kingine. Ninachojua ni kwamba sababu iliyoandikwa pale kwa mwandiko wangu siyo sababu, na ya kweli haina kibao. Nimepiga simu ofisi ya mji. Kijana mmoja mwenye sauti nzuri alinisikiliza, akaniambia majibu yatachelewa kutokana na wingi wa kazi. Jana nimekwenda huko mwenyewe na magoti yangu haya, na Jumatatu nitakwenda tena.

Ningekupigia simu badala ya kuandika. Lakini kwenye simu ungesema "Ndiyo, Shangazi, ndiyo, Shangazi," huku unasahihisha madaftari, halafu ungefanya ulilopanga. Karatasi haikubali kuitikiwa hivyo. Inakaa mezani, inakutazama.

Najua utakachofikiri. Ratiba imekwisha kuchapwa, wazazi wameisaini, na mkuu wa shule atataka sababu. Utasema moyoni, tungoje tufike: wakiona hali si nzuri watatundika kile kibao, nasi tutateremka kwa heshima, hakuna atakayelaumiwa. Nakuomba usifikiri hivyo. Siku ambazo kibao kimetundikwa, magari yamesimama na hakuna mtu aliye juu ya bonde. Ninayoiogopa ni ile siku ambayo ndoano zitakuwa tupu, anga samawati, na Hirukawa anawafungulia watoto wako mlango huku ameinama.

Njia ya zamani ya miguu bado ipo. Inaanzia nyuma ya hekalu, inapita chini ya mierezi, na watoto wa umri wao watafika juu kabla ya mchana wakiwa wamechoka vizuri. Kinu ameshaanza kukausha uyoga kwa ajili ya mchuzi wenu, juu ya jiko safari hii, maana upepo hatuutegemei. Na kama somo lako linahitaji ubao, waulize watoto wanapopita kituoni: kitu kilichotajwa hapa, mnakiona?

Nisalimie kaka yangu Yasuharu, umwambie aache kuinua magunia. Nisalimie wifi Fumie, na umbusu Itsuki kwenye paji la uso. Kinu anaongeza salamu kwa kila mwenye meno na asiye na meno. Nawaombea nyote mlale mkiwa mmehesabika, mkono wa kila mmoja ukifika kwa mwenzake, na kesho iwakute hivyo hivyo.

Shangazi yako akupendaye na asiyekuchoka,
Mitsue Kuramochi

Nyongeza: Kwa mkuu wako utataka kuandika kwamba safari imebadilishwa kutokana na hili au lile. Usiandike. Nenda ofisini kwake leo, simama mbele yake, umwambie: "Nimeamua mimi. Watoto wangu watapanda kwa miguu."