Suala Nililomuuliza Mama Mkubwa

Maskati

Mamaangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo juu yake. Vipi goti, limetulia? Dawa unakunywa au unazificha chini ya mto? Mimi mzima, ila joto la huku linanitoa roho.

Ulilonituma sijalisahau: nikimaliza huu muhula mmoja nnaofundisha chuo cha hapa nije na dada yako, maana hamjaonana tangu aondoke Unguja na watoto wachanga kuja Omani. Mama mkubwa Zuwena nimempata. Anakaa karibu na mtaa wa Hamriya, nyumba imejaa wajukuu, yeye anawagombeza kwa Kiswahili na wao wanamjibu kwa Kiarabu. Alipofungua mlango, mkono kiunoni, nilidhani ni wewe.

Udadisi wangu unaujua. Kule Marekani nnasomesha siasa za Walatino, watu waliohamia kutoka Meksiko na nchi za jirani: wanampigia nani kura, wanajihesabu wa wapi. Nikenda majumbani mwao siwaulizi uraia, watanijibu lililoandikwa kwenye karatasi tu. Nnawauliza wanataka kuzikwa wapi. Hapo wazee hufunguka, kwa sababu wengi wanataka maiti zao zirudishwe vijijini kwao. Basi kwa kiherehere changu nikamtupia mama mkubwa suala lile lile, kahawa mkononi.

Alinitazama kama mtu aliyepungukiwa akili. Akauliza ni Marekani ndiko walikonisahaulisha kuwa Muislamu huzikwa anapofia, tena upesi? Wallahi niliona haya, ungekuwapo ungenifinya. Kisha akaweka kikombe chini.

"Ungeniuliza kwa nini siendi kumwona mdogo wangu."

Nikamuuliza. Kumbe si nauli, wala si miguu. Aliwahi kujitayarisha kuja, akaambiwa kwa pasipoti yake ya Omani lazima aombe viza.

"Nimezaliwa Unguja. Leo nikaombe ruhusa ya kuingia Unguja?"

Mama, miaka yote nnawauliza watu mambo haya, na hapo zamu ya kujibu ikawa yangu. Nikatoa pasipoti yangu mkobani nikampa. Keti kwanza ndipo usome. Ni ya Marekani. Niliapa mwaka jana, na kwa kuwa sheria ya kwetu haikubali uraia wa nchi mbili, ile ya nyumbani si yangu tena. Nimekuwa nikitafuta namna ya kukwambia, na moyo unaniuma. Nikija kwako, na mimi naomba viza.

Aliigeuza geuza, akatazama picha, akasema nimekonda. Halafu akaniuliza picha za viza hupigwa duka gani.

Tunakuja, inshallah, muhula ukisha. Nisalimie kaka Saidi na maseremala wake wote, na Bi Mize jirani, mwambie maandazi yake nnayaota. Mama mkubwa anasema umpikie mchuzi wa pweza, na usimtilie pilipili nyingi.

Ukija uwanja wa ndege usitutafute kwa wenyeji. Tazama foleni ya wageni. Dada yako ataning'ang'ania mkono, na mimi nitamng'ang'ania wake.

Mwanao akupendaye,
Rukia