Sinema Iliyoisha Mapema

Hapa nyumbani, Koboko

Mjukuu wangu Hawa,

Sisi hapa ni wazima, na mihogo imezaa vizuri. Nimesoma habari za mchumba wako mwenye gari. Kisha umeniuliza sinema za mapenzi zina tofauti gani na hadithi za marehemu mama yangu, maana kote msichana maskini anaolewa na tajiri.

Tuliporudi kutoka ukimbizini Kongo, mambo ambayo leo nayaacha, nilimpeleka mama mjini Arua kutazama video kwa mara ya kwanza. Mama yako nilikuwa nimembeba mgongoni. Kwenye kibanda cha video tuliona msichana akiondoka kwao, akimwacha mama yake anafua nguo. Huko mjini akapendwa na tajiri, wakakumbatiana kwenye mvua, wakaingia ndani ya gari. Watu wakapiga makofi, wakatoka.

Mama hakuinuka.

"Mama, imeisha," nikamwambia.

"Bado. Mama yake iko wapi? Hawajarudi kumuchukua."

Katika hadithi zake, msichana akishaolewa na mwana wa chifu, hutuma watu wamlete mama yake. Hapo ndipo hadithi huisha. Mwenye video akazima jenereta, na mama alikuwa bado anatazama kioo.

Utajiri ule mimi sikuuamini popote, kwenye hadithi wala kwenye sinema. Lakini hadi leo sinema ikiisha, huwa nabaki nimekaa kidogo.

Msalimie huyo kijana. Mama yako anakusalimu sana. Yuko uani, anafua.

Bibi yako